Panga la shamba: kulichagua, kulinoa na kulitumia bila kujikata

Panga jipya la dukani halijawa tayari kwa kazi. Kiwandani bamba limekatwa, likafungwa mpini, likapakwa vanishi lisishike kutu, basi. Makali yake ni manene na mara nyingi hayajanolewa zaidi ya kupitishwa mara moja kwenye mashine. Anayelinunua asubuhi na kuingia nalo kichakani mchana atapiga pigo tatu pale panapohitaji moja, na lile la tatu, la kukasirika, ndilo linaloteleza kwenye shina na kuishia kwenye muundi. Shamba lenye migomba, kahawa na mahindi limenifundisha jambo hili kuliko mengine yote: watu huhangaika na chapa ya panga, kumbe kinachowatesa ni kukosa tupa.

Hata hivyo huwezi kunoa chuma kibovu kikawa kizuri, kwa hiyo ununuzi una sehemu yake.

Anza na kazi, kisha panga. Kama shamba lako ni majani marefu laini, chukua fyekeo; linakata ukiwa umesimama wima, wakati panga litakuinamisha mgongo siku nzima. Kama unaangusha mti au kupasua magogo, chukua shoka. Panga ni la vile vilivyo kati ya jani na gogo: vichaka, mabua, miwa, matawi, mashina ya migomba, na miti michanga ya unene wa kidole gumba hadi wa kifundo cha mkono. Ukilipeleka nje ya hapo, ama unajichosha wewe ama unalilegeza mpini.

Mapanga mengi ya madukani kwetu yana bapa la inchi 16 hadi 22. Kipimo rahisi: shika mpini, uache mkono uning'inie wazi kando ya mwili, ncha iishie karibu na katikati ya muundi. Kwa mtu wa kimo cha kawaida hiyo ni inchi 18, mara nyingine 20. Refu zaidi linavutia dukani, lakini kwenye kichaka chenye matawi mengi ncha yake inagonga vitu usivyovilenga, na jioni kiwiko kinakuambia. Fupi sana linakulazimisha kusogeza mkono na miguu karibu na kinachokatwa, na hapo ndipo hatari ilipo.

Unene wa milimita 2 hadi 3 unatosha. Panga la inchi 18 la unene huo, pamoja na mpini, huwa karibu na nusu kilo, na uzito huo unaweza kuupunga tangu alfajiri hadi saa nne bila mkono kutetemeka. Panga nene zaidi ni zuri kwa kuni na kwa miti migumu, lakini kwenye mabua linasukuma badala ya kukata. Umbo nililolizoea, na ninalolipendekeza, ni lile linalopanuka kuelekea mbele na kuwa na kitumbo karibu na ncha. Uzito unakaa mbele, kwa hiyo panga lenyewe linasaidia kushuka.

Sasa chuma. Chapa ya mamba, ambayo asili yake ni Uingereza, imezoeleka Afrika Mashariki kwa miaka mingi, na mapanga ya UFI, kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo, Dar es Salaam, bado yamo katika nyumba nyingi. Lakini picha ya mamba inaweza kugongwa kwenye bamba lolote, kwa hiyo jipimie mwenyewe. Kwanza liinue kwenye usawa wa jicho na uchungulie kuanzia mpini hadi ncha: mstari wa makali uwe umenyooka, usiwe na wimbi. Kisha simamisha ncha juu ya ubao, likandamize taratibu hadi lijikunje sentimita tatu au nne, uachie. Zuri linarudi na kunyooka. Likibaki limepinda, hata kidogo, liache hapo hapo. La tatu, gonga bapa kwa ukucha au kwa sarafu. Sauti iwe ndefu na kali. Sauti fupi iliyokufa mara nyingi ina maana kuna ribiti, yaani pini inayoshikilia mpini, iliyolegea, au kuna ufa. Na muuzaji akikuruhusu, pitisha tupa mara moja kwenye makali karibu na mpini. Tupa inatakiwa ishike na kutoa unga mzuri. Ikiteleza bila kuuma, chuma ni kigumu mno na kitameguka ukigonga jiwe. Ikizama bila upinzani wowote, ni bati, na makali yatajikunja kwenye mti wa kwanza.

Mpini uangalie kwa ukali zaidi kuliko bapa. Msuka, yaani ile sehemu ya chuma inayoingia mpinini, upite urefu wote wa mpini na uonekane kwenye ukingo wake. Msuka unaoishia katikati utakuja kuvunjika, na bapa likiruka halichagui linakokwenda. Ribiti ziwe tatu, zikae sawasawa na mbao, zisikwaruze kiganja. Mpini wa plastiki hauli maji wala haupasuki kwa jua haraka, ila una mshono mkali wa kiwandani katikati. Usugue kwa msasa namba 120 kabla hujauza ngozi ya mkono wako kwa malengelenge. Mpini wa mbao nao usugue kuondoa vanishi, upake mafuta kidogo. Vanishi ikikutana na jasho inateleza. Na upake kipande cha mwisho rangi nyekundu au ya machungwa: panga lililowekwa chini kwenye majani linapotea machoni, kisha linaonekana tena kwa mguu.

Wapo wanaopendelea panga la mhunzi, lililofuliwa kutokana na springi za gari. Chuma cha springi ni kizuri sana, na mhunzi hodari anakupa kitu kitakachokaa nyumbani kwako miaka mingi. Ila muulize alivyolimaliza. Baada ya kulitia moto na kulizamisha, anatakiwa alirudishie moto wa wastani ili chuma kipunguze ukali wa ugumu wake. Asipofanya hivyo linakata vizuri wiki ya kwanza kisha linavunjika au kumeguka vipande. Angalia pia uzito. Mapanga mengi ya springi huachwa manene, na kwa kufyeka siku nzima ni mzigo.

Tuingie kwenye tupa, maana hapa ndipo panga linapotengenezwa.

Nunua tupa bapa ya inchi 10 yenye meno ya kati, pamoja na kinoo. Tupa iwe na mpini. Kuna watu wanashika mkia wake mtupu, na siku ikikwama ule mkia unachoma kiganja. Funga panga kwenye jiliwa, kile kibanio cha fundi. Kama huna, lilaze juu ya gogo, bapa likiwa limelala na makali yamechomoza nje kidogo, ulibane kwa goti au kwa kamba. Makali yatazame mbali nawe. Vaa glovu ya ngozi.

Pembe ndiyo inayoamua kila kitu. Kwa vichaka na matawi nataka nyuzi 20 hadi 25 kila upande. Huhitaji kipimo cha fundi: chukua karatasi yenye kona ya mraba, ambayo ni nyuzi 90, ikunje kona hiyo katikati upate 45, ikunje tena upate 22 na nusu. Weka kabari hiyo ya karatasi kati ya bapa na tupa, ukariri kwa macho na mikono jinsi tupa inavyosimama. Kwa panga la miwa na majani peke yake unaweza kushuka hadi nyuzi 15 au 18. Litakuwa kali zaidi, lakini ukigonga fundo la mti mkavu litapata pengo. Kwa panga la kuni panda hadi 30.

Kabla ya kuanza, paka ukingo wa makali mkaa au kalamu ya wino mzito. Sukuma tupa kwa kuielekeza mbele na pembeni kwa pamoja, itoke mgongoni kuja kwenye makali na kupita nje. Inua unaporudi. Tupa hukata ikienda; ukiiburuza kurudi unaua meno yake na hupati chochote. Baada ya pigo mbili tatu angalia ule mkaa: ukiwa umefutika juu tu na kubaki kwenye ukingo wenyewe, umelaza tupa mno, ukifutika kwenye ukingo peke yake, umeinua mno. Sahihisha, endelea. Fanya kazi kwa vipande vya kiasi cha sentimita 10, ukienda sehemu ya mbele polepole zaidi kwa sababu kitumbo kinabadilisha pembe bila wewe kujua. Sentimita tano hadi nane za karibu na mpini usizinoe kabisa. Hapo hakuna kazi ya kukata, na kidole kinachoteleza kutoka mpinini kinakutana na chuma butu badala ya wembe.

Endelea upande mmoja mpaka ukipitisha kidole gumba kwa uangalifu upande wa pili, kutoka mgongoni kuja nje, uhisi mkwaruzo mwembamba wa chuma kilichojikunja. Uwepo kwenye urefu wote, siyo mahali pamoja. Geuza panga, fanya vivyo hivyo, halafu maliza kwa kinoo chenye maji, mapigo mepesi ya kupokezana pande, hadi mkwaruzo uishe. Panga jipya linaweza kukuchukua nusu saa hadi dakika 45 mara ya kwanza. Baada ya hapo ni mapigo matano au sita ya tupa kila upande, kila baada ya saa moja ya kazi. Beba tupa shambani, imefungwa kwenye kitambaa kikavu. Anayesubiri jioni ndipo anoe amefanya kazi nusu siku na chuma butu.

Kujua kama yamekaa, elekeza makali juani na uyatazame kwa mbele. Makali mazuri hayaakisi mwanga. Ukiona kistari kinachong'aa, hapo ni butu. Ukiona nukta inayong'aa, hapo pana pengo. Kisha jaribu unyasi mmoja uliosimama huru, bila kuushika. Ukikatika bila kuinama, nenda kazini.

Mashine ya kunolea, iwe ya umeme au ile ya fundi wa baiskeli anayepita mitaani, ina kasi na ina moto. Moto ndio mbaya. Ukingo ukigeuka bluu ya giza au kijivu, chuma cha pale kimepashwa kupita kiasi, na sehemu hiyo itakuwa laini hata uinoe namna gani. Mwambie fundi apitishe haraka na achovye kwenye maji kila baada ya pigo moja au mawili. Kama hataki, chukua panga lako.

Kwenye kazi yenyewe, anza kwa kuzunguka eneo bila kukata. Tafuta mawe, waya, vichuguu, nyigu na nyuki. Kisha nyoosha mkono na panga, lizungushe taratibu mbele, pembeni na juu. Unachotafuta ni kile kijikamba cha mtambaazi kinachoning'inia nyuma ya bega, ambacho kitalinasa panga likiwa hewani na kuligeuza njia. Kikate hicho kwanza. Mtu mwingine asiwe karibu kuliko hatua tano, na mkiwa mstari mmoja msitangulizane kwa namna ambayo mmoja anakata kuelekea mgongo wa mwenzake.

Miguu ina kanuni moja: mguu ulio upande ambao panga linaishia uwe nyuma. Anayetumia mkono wa kulia akikata kutoka juu kulia kwenda chini kushoto, mguu wa kushoto urudi nyuma. Akikata kwa mkono uliogeuzwa, kutoka kushoto kwenda kulia, mguu wa kulia ndio urudi. Majeraha mengi ya muundi na goti hutokea hapa, siyo kwenye pigo lenyewe bali kwenye mwendo unaobaki baada ya shina kukatika kwa wepesi kuliko ulivyotegemea. Vaa gambuti hata kama kuna joto.

Mpini ushike imara kwa kidole gumba na cha shahada. Vidole vitatu vya nyuma vilegee unapoinua na vibane sekunde ya kugonga. Ukikaba mpini muda wote, misuli ya mkono inakakamaa ndani ya saa moja na pigo linapoteza shabaha. Gonga kwa theluthi ya mbele ya bapa, pale penye kitumbo. Ukigonga kwa ncha au kwa katikati, mtikisiko unarudi kiganjani.

Ile kamba ya kufunga panga kwenye kifundo cha mkono siipendi. Wanaoitumia wanaogopa panga lisiponyoke, lakini likiponyoka likiwa na kamba linazunguka na kurudi kwako. Afadhali liende. Mkono wa pili usishike majani kabisa. Upe kijiti chenye kulabu cha urefu wa mita moja hivi, kivute na kubana unachokata. Hicho kijiti cha bure kimeokoa vidole vingi kuliko glovu.

Shina likate kwa mshazari, karibu nyuzi 45, kwa sababu nyuzi za mti zinaachia kirahisi hivyo. Pigo la mlalo linaruka. Tatizo ni kwamba mshazari ukiuacha juu ya ardhi unakuwa mkuki. Visiki vya namna hiyo hupenya soli za ndara na za raba, na mtu akiteleza akaangukia kimoja, habari ni nyingine. Kwa hiyo kata mara ya kwanza juu kidogo kwa mshazari, uondoe mti, halafu rudi ukisawazishe kisiki chini kabisa kwa mapigo mepesi ya pande zote. Kijana anayelipwa kwa eneo huliruka jambo hili. Ukimwajiri, kubalianeni kabla ya kuanza kwamba visiki vyenye ncha havihesabiwi kama kazi iliyoisha.

Mti mchanga uliopindwa na mwingine umebeba nguvu. Ukiugonga upande wa nje wa upinde, uliokazwa, unaruka na kumpiga aliye mbele yake. Simama pembeni, uanze upande wa ndani wa upinde kwa mapigo madogo mpaka ulegee. Tawi la mti mkubwa likate kwanza upande wa chini, theluthi moja hivi, ndipo umalizie juu, la sivyo linaanguka na kuchuna gome hadi shinani. Kahawa usiipogoe kwa panga. Panga linapasua na kuacha kidonda kisichofunga. Tumia mkasi wa kupogolea au msumeno.

Migomba inahitaji maneno zaidi, kwa sababu panga hubeba ugonjwa. Mnyauko bakteria ulionekana Uganda mwaka 2001, baadaye ukaingia Kagera, na moja ya njia zake kuu ni chuma kilichokata mgomba mgonjwa kisha kikakata mzima. Utomvu hauonekani kama uchafu, ndiyo maana watu hawaoshi. Ukitoka kwenye shina moja kwenda jingine katika eneo lenye ugonjwa, ama pitisha bapa kwenye moto mpaka lishindikane kuguswa, ama lichovye kwenye mchanganyiko wa sehemu moja ya Jiki kwa sehemu tano za maji. Moto uwe wa kupasha tu, usifike kubadilisha rangi ya chuma. Jiki inakula chuma, kwa hiyo jioni suuza, kausha, paka mafuta. Na ua dume lisikatwe kwa panga kabisa: livunje kwa mti wenye panda mara tu chane ya mwisho inapotokeza. Kulivunja hivyo kunazuia wadudu kupeleka bakteria kwenye kidonda cha ua, na kunakuondolea chuma katika hatua hiyo. Kuvuna mkungu, kata shina nusu tu katika kimo cha kifua, upande ambao mkungu umeinamia. Mgomba utainama taratibu na mkungu utakufikia mkononi bila kuvunjika.

Miwa ikatwe usawa wa ardhi, kwa sababu sehemu ya chini ndiyo yenye sukari nyingi na kisiki kirefu huchipua vibaya.

Jioni futa utomvu kwa kitambaa chenye maji, mkaidi usugue kwa majivu, kausha, upake mafuta kiasi cha kung'arisha tu. Kwa panga linalogusa chakula, dafu au muwa, tumia mafuta ya nazi. Usiliache ndani ya ala ya ngozi usiku kucha, ngozi inahifadhi unyevu. Ala nzuri ya bei ndogo ni kipande cha bomba la plastiki lililopashwa moto na kubanwa, au mpira wa tairi ulioshonwa kwa waya. Kwenye bodaboda au daladala lifunge kabisa, ncha chini. Nyumbani lining'inie juu, makali yakitazama ukuta, mbali na watoto.

Ribiti ikilegea, usizungushie mpira wa tyubu ukaendelea. Mpira unaficha ufa. Toa ribiti, weka kipande cha msumari wa inchi 4 chenye washa pande zote, ukigonge ncha mbili taratibu mpaka zijae, sawazisha kwa tupa.

Mtu akijikata, bandika kitambaa safi juu ya jeraha na ukandamize kwa kiganja dakika kumi bila kufunua kuchungulia, mkono au mguu ukiwa umeinuliwa. Usitie udongo, kahawa, mafuta ya taa wala majani. Damu ikiruka kwa kurusha na haikomi, funga kitambaa kipana kuzunguka mkono au mguu, sentimita tano hadi saba kutoka kwenye jeraha kuelekea moyoni, siyo juu ya jeraha lenyewe, ukaze kwa kijiti mpaka ikome, andika saa uliyofunga, na usikifungue mpaka hospitali. Hata jeraha dogo, ulizia sindano ya pepopunda. Kidole kisichokunja au kisicho na hisia baada ya kukatwa kionwe na daktari siku hiyo hiyo, maana huenda kano au mshipa wa fahamu umekatika.

Panga linalonolewa vizuri linapungua. Likianza na upana wa sentimita 7 au 8 na kufika 4, limepoteza uzito wa mbele na kufyeka kunakuwa kupigana. Likate kwa msumeno wa chuma libaki sentimita 25, lainisha kona, tia makali upande mmoja, na ulihamishie kitaluni kwa kuchimbia miche na kung'olea ndago.